Sura ya Tatu: Nyumba Iliyoilipia Olimpiki

Michezo ya Olimpiki ya Stockholm, mwaka 1912, haikuwa ya wakimbiaji na waogeleaji peke yao. Kwa mara ya kwanza wachongaji, wachoraji, watunzi wa muziki, wasanifu wa majengo na waandishi nao walishindanishwa, na medali ya dhahabu ya fasihi ikaenda kwa shairi la kuusifu mchezo lililoletwa kwa Kifaransa na Kijerumani. Chini yake yalikuwepo majina mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia: Georges Hohrod na Martin Eschbach. Baadaye ikafahamika kwamba mtunzi alikuwa mtu mmoja tu, naye ni Baron Pierre de Coubertin, rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki na ndiye aliyepigania sanaa iingizwe kwenye Michezo. Hohrod na Eschbach ni vijiji vya bonde la Munster, huko Alsace, jirani na Luttenbach, nyumbani kwa ukoo wa mke wake, Marie Rothan.

Katika kumbukumbu za Olimpiki, hapo ndipo Marie anapokaribia sana kutajwa. Mumewe ana sanamu, barabara, viwanja na shule zenye jina lake. Yeye ana mistari michache katika vitabu vya wasifu wa mume, na mingi kati ya hiyo ni ya kumlalamikia. Ukitazama hesabu, hata hivyo, unakuta kwamba vuguvugu la Olimpiki, katika miongo yake ya mwanzo, halikuwa na benki wala mfadhili wa kudumu. Lilikuwa na nyumba moja yenye watu wawili, na mali ya nyumba hiyo ndiyo iliyoliwa.

Pierre alizaliwa Paris tarehe 1 Januari 1863, katika nyumba ya familia mtaa wa Oudinot namba 20. Baba yake alikuwa mchoraji. Upande wa mama walikuwa na kasri huko Mirville, Normandy. Kijana wa tabaka lile alitarajiwa kwenda jeshini, mahakamani au bungeni. Yeye akaenda Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 20 alipoanza kuzitembelea shule za huko, akaona wavulana wakicheza kriketi na raga kama sehemu ya masomo, akarudi Ufaransa akiamini kwamba taifa lake, lililoshindwa vitani na Wajerumani mwaka 1870 na 1871, lilihitaji viwanja kabla ya kuhitaji mizinga.

Kuanzia hapo akawa kila kitu. Alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya michezo vya Ufaransa. Tarehe 20 Machi 1892 alipuliza filimbi kama refa wa fainali ya kwanza ya ubingwa wa raga nchini humo, Racing Club wakaifunga Stade Français 4 kwa 3. Novemba mwaka huohuo alisimama Sorbonne akapendekeza Michezo ya Olimpiki ifufuliwe. Watu walipiga makofi, ila wengi hawakuelewa anataka nini hasa. Alirudi ukumbini humo Juni 1894 akiwa na kongamano kamili nyuma yake, na safari hii azimio likapita: Michezo ya kwanza ifanyike Athens, mwaka 1896. Mgiriki Demetrios Vikelas akawa rais wa kwanza wa Kamati, Pierre akawa katibu.

Harusi ya Pierre na Marie ilifungwa Paris tarehe 12 Machi 1895, miezi tisa baada ya kongamano lile na mwaka mmoja na ushei kabla ya Athens. Bwana harusi alikuwa na umri wa miaka 32. Bibi harusi, aliyezaliwa mwaka 1861, alimzidi kidogo. Alikuwa Mprotestanti anayeolewa na mwana wa nyumba ya Kikatoliki, jambo ambalo katika Ufaransa ya siku zile halikuwa dogo. Baba yake, Gustave Rothan, alikuwa mwanadiplomasia na mwandishi wa historia ya vita na siasa za Ulaya, tena mpenzi mkubwa wa picha. Mwaka 1890, alipofariki, mkusanyo wake wa picha uliuzwa kwa mnada jijini Paris na wanunuzi wakaugombania. Marie, basi, hakuingia katika ndoa hii mikono mitupu. Aliingia na urithi.

Mtoto wa kwanza, Jacques, alizaliwa mwaka 1896. Aprili ya mwaka huohuo Michezo ikafunguliwa Athens, na ilipokwisha Vikelas akakabidhi kiti. Pierre aliketi hapo hadi 1925.

Kiti hicho kilikuwa hakilipi hata senti. Kamati ya siku zile ilikuwa orodha ya mabwana wachache, wengi wao watu wa vyeo vya ukoo, majenerali na matajiri, waliochaguana wenyewe na kujilipia nauli. Haikuwa na ofisi wala karani wa kudumu. Barua za dunia nzima zilifika mtaa wa Oudinot, na majibu yakatoka hapohapo kwa mkono wa rais mwenyewe. Kuanzia 1901 Kamati ilikuwa na jarida lake, na sehemu kubwa ya jarida hilo aliiandika yeye. Stempu, simu za maandishi, karatasi, chapa, nauli za treni na meli, chakula cha jioni kwa waziri huyu na mwana wa mfalme yule: vyote vilihitaji mtu wa kuvilipia, na aliyevilipia kwa sehemu kubwa alikuwa Pierre, kwanza kwa mali yake na kisha kwa mali ya nyumba.

Kanuni iliyokuwa nyuma ya hali hii inajulikana kwa yeyote aliyewahi kuongoza chama cha michezo kwetu, kuanzia klabu ya mtaa hadi shirikisho. Ni imani kwamba mchezo ni heshima, na anayeuongoza hapaswi kunufaika nao. Ni imani nzuri. Ila ilibuniwa na watu waliokuwa na mashamba, na ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: iliwazuia walafi wasiingie, na iliwazuia maskini pia. Na hata kwa tajiri ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa popote, kwa kuwa ilitoka katika fungu la watoto, la matibabu na la uzee.

Kwa familia ya Coubertin fungu hilo lilihitajika mapema. Waandishi wa maisha yao wanasimulia kwamba Jacques, akiwa bado mdogo sana, aliachwa juani kwa muda mrefu mno, akapata madhara ambayo hakuyapona. Aliishi hadi mwaka 1952 bila kuweza kujitegemea. Binti yao Renée, aliyezaliwa mwaka 1902, alikua akisumbuliwa na maradhi ya akili. Baba aliyekuwa akiihubiria dunia kuhusu afya ya mwili na roho kwa vijana alikuwa na watoto wawili ambao mahubiri hayo hayangewafaa. Haandiki habari zao. Katika vitabu vyake vipatavyo 30 na makala zake zaidi ya 1,000, ni shida kumpata Pierre kama baba.

Mchana kutwa nyumbani na Jacques, na baadaye na Renée, alikuwa Marie.

Ndiyo maana nasita ninaposoma sifa alizopewa. Marafiki wa Pierre na waandishi waliowafuata wamemchora kama mwanamke mkali, mwenye wivu na kazi ya mumewe, anayeibana pesa. Huenda alikuwa hivyo. Lakini tujiulize alikuwa akiibana pesa gani. Ilikuwa sehemu ya urithi wa baba yake, ikitoka mlango wa mbele kila mwezi kwenda kulipia jarida ambalo watu wachache walilisoma, huku chumbani kukiwa na watoto wawili ambao wangehitaji uangalizi hata baada ya wazazi kufa. Mwanamke anayeona hivyo akanyamaza ndiye ambaye angenishangaza.

Jambo moja zaidi linaufanya mzigo wake uwe mzito kuutazama. Mumewe hakutaka wanawake katika Michezo. Athens haikuwa na mwanamke hata mmoja. Paris, mwaka 1900, waliingia 22 kati ya washindani 997, katika tenisi, gofu na michezo mingine michache, wakati Pierre akiwa amesukumwa kando na waandaaji wa Maonyesho ya Dunia. Mwingereza Charlotte Cooper akatwaa ubingwa wa tenisi. Pierre aliendelea kupinga mpaka mwisho wa maisha yake, akisema na kuandika kwamba nafasi ya mwanamke ni kumshangilia na kumtuza mshindi. Riadha ya wanawake iliingia Amsterdam mwaka 1928, yeye akiwa ameshaondoka madarakani, na baada ya Mfaransa mwenzake Alice Milliat kuipigania kwa miaka. Olimpiki, kwa hiyo, iliendeshwa kwa muda mrefu na fedha za nyumba ambayo nusu ya wakubwa wake isingeruhusiwa kukanyaga uwanja.

Vita vya 1914 viliwapiga pande zote mbili, kwenye Michezo na kwenye mali. Wiki chache kabla yake Kamati ilikuwa imekutana Sorbonne kuadhimisha miaka 20, na Pierre akaonyesha bendera aliyoibuni mwenyewe, duara tano zilizoshikana juu ya kitambaa cheupe. Michezo ya 1916 ilipangiwa Berlin. Haikufanyika. Bonde la Munster, aliloliazima kwa jina la bandia akitumaini labda Mfaransa na Mjerumani wangeimba shairi moja, likawa mstari wa mbele wa mapigano. Tarehe 10 Aprili 1915, katika ukumbi wa manispaa ya Lausanne, Pierre alitia saini ya kuyahamishia makao makuu ya Kamati Uswisi, nchi isiyofungamana na upande wowote. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 53, alijiandikisha kuitumikia Ufaransa, na kwa kuwa aliona askari hafai kuongoza chombo cha dunia, alimkabidhi kiti kwa muda Mswisi Godefroy de Blonay. Ni uamuzi wa kiungwana ambao viongozi wengi wa michezo wa baadaye hawakuweza kuuiga.

Vita ilipokwisha, kulikuwa na Michezo tena, Antwerp mwaka 1920, na ile bendera ikapeperushwa kwa mara ya kwanza kwenye Olimpiki. Utajiri haukurudi. Vita, thamani ya fedha iliyoporomoka na uwekezaji usio na bahati vilikuwa vimeula. Mwaka 1922 manispaa ya Lausanne iliipa Kamati nafasi katika jumba la Mon Repos, na rais akahamia hapo. Mtu aliyezaliwa katika nyumba yake mwenyewe jijini Paris sasa alikuwa akiishi kwa ukarimu wa mji wa watu.

Alistaafu Prague mwaka 1925, Mbelgiji Henri de Baillet-Latour akachukua nafasi yake. Mtu mwingine angepumzika. Pierre alianzisha umoja wa kimataifa wa elimu mwaka huohuo, na mwaka uliofuata ofisi ya kimataifa ya ualimu wa michezo, kisha akatoa historia ya dunia yenye juzuu nne. Hakuna kimoja kati ya hivyo kilichoingiza fedha. Akiwa amepita miaka 70 bado alipiga makasia katika ziwa Geneva, na nadhani huko ndiko alikokuwa na furaha zaidi.

Umaskini huo ulikuwa na hatari yake. Berlin ilipojiandaa kwa Michezo ya 1936, serikali ya Hitler ilichangia Reichsmark 10,000 katika mfuko ulioanzishwa kwa heshima yake, na Ujerumani ikampendekeza kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tuzo hakuipata. Baada ya Michezo aliisifu Berlin hadharani. Wapo wanaosema sifa zile zilinunuliwa, na wapo wanaosema mzee aliona tu ndoto yake ikipewa jukwaa ambalo hakuwahi kuliona. Mimi naona mambo hayo mawili hayapingani. Kiongozi aliyekataa malipo kwa miaka 40 alifika uzeeni akiwa hana uwezo wa kuchagua nani amsaidie, na utawala katili kuliko yote barani ulikuwa na fedha tayari mkononi.

Mwaka 1937 Lausanne ilimfanya raia wa heshima. Tarehe 2 Septemba, akitembea katika bustani ya La Grange mjini Geneva, moyo wake ulisimama. Mwili ulizikwa Lausanne. Moyo, kwa wosia wake, ulipelekwa Ugiriki, na Machi 1938 ukawekwa ndani ya nguzo ya mawe huko Olympia.

Katika mipango aliyoiacha haijakamilika, mmoja unatugusa sisi. Mwaka 1923, Kamati ilipokutana Roma, Pierre alitaka bara la Afrika liwe na Michezo yake. Algiers ilipangiwa mwaka 1925, ikashindikana. Alexandria ikapangiwa 1929, uwanja ukawa tayari, nayo ikazimwa. Wakoloni, Waingereza na Wafaransa, hawakuipenda fikra ya kumwona Mwafrika akimshinda Mzungu mbele ya umati wa Waafrika, na Pierre mwenyewe aliutambua wasiwasi huo na kuuandika. Ilibidi bara lisubiri uhuru. Julai 1965, Brazzaville, Michezo ya kwanza ya Afrika Nzima ikafanyika, na polisi kijana wa Kenya, Kipchoge Keino, akatwaa dhahabu katika mita 1,500 na mita 5,000.

Keino na mkewe Phyllis wanastahili kuwekwa kando ya akina Coubertin, kwa kuwa nyumba yao nayo ilitengenezwa na uongozi wa michezo, ila kwa namna nyingine. Kip alishinda dhahabu ya mita 1,500 Mexico City mwaka 1968 na ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972. Baada ya hapo alipita kila chumba cha nyumba ya michezo: mkimbiaji wa kulipwa katika mzunguko wa Marekani, kocha wa timu ya taifa, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo Eldoret, mwenyekiti wa Kamati ya Olimpiki ya Kenya kuanzia 1999, na mjumbe wa Kamati ya Kimataifa, ile aliyoiacha Pierre, kuanzia mwaka 2000. Uenyekiti wake Kenya ulikwisha mwaka 2017, baada ya misukosuko iliyoikumba timu katika Michezo ya Rio, na Paul Tergat akapokea kijiti.

Wakati wote huo, Eldoret kulikuwa na nyumba iliyojaa watoto. Saba waliwazaa wenyewe. Wengine, yatima na walioachwa, waliendelea kuletwa mwaka hadi mwaka, na aliyewapokea, kuwalisha na kuwapeleka shule alikuwa Mama Phyllis. Mali iliyotokana na mbio ilinunua ardhi, ardhi ikawa shamba, shamba likalisha watoto. Pierre na Marie walikuwa wakitoa tu. Kip na Phyllis walikuwa na kitu kinachozaa: mahindi, maziwa na duka. Tofauti hii ya kiuchumi naiona ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya tabia kati ya ndoa hizi mbili, na sioni haki kumsifu Phyllis kwa ukarimu na kumlaumu Marie kwa ubahili bila kuitaja kwanza.

Usiku wa kufungua Michezo ya Rio, tarehe 5 Agosti 2016, Kamati ya Kimataifa ilitoa kwa mara ya kwanza tuzo inayoitwa Olympic Laurel, kwa mtu aliyetumia michezo kuendeleza elimu, utamaduni, maendeleo na amani. Ni maneno ambayo Pierre angeyatia saini bila kubadili hata moja. Ikatolewa kwa Kip Keino. Sehemu kubwa ya yaliyosifiwa usiku ule yalikuwa yamefanyika jikoni na mabwenini, chini ya usimamizi wa mkewe.

Marie Rothan de Coubertin hakuyaona haya. Baada ya kumzika mumewe alibaki Uswisi miaka 26 mingine, akamzika na Jacques, akafariki mwaka 1963 akiwa amevuka miaka 100. Renée alimfuata mwaka 1968. Hakukuwa na mjukuu. Mwaka huohuo wa 1968 Kamati ilihama kutoka Mon Repos kwenda kasri la Vidy, ufukweni mwa ziwa, na kwa wakati huo ilikuwa tayari na chanzo cha mapato ambacho nyumba ya mtaa wa Oudinot haikukijua. Ilianza Roma mwaka 1960, kiangazi ambacho Abebe Bikila alishinda marathoni bila viatu: kampuni ya Marekani ya CBS ililipa dola 394,000 ili iionyeshe Michezo kwenye televisheni. Marie alikuwa hai bado, anakaribia kutimiza miaka 100.